Hema Sebuleni

Mwokaji mikate alisukuma viti ukutani, akasimamisha hema katikati ya sebule. Tangu afiwe na mumewe, alitamani kuendesha pikipiki yake mpaka kaskazini ya mbali, alale porini njia nzima. Sasa jiko dogo la gesi, ramani na tairi mpya vilikuwa tayari. Lililobaki ni kumwambia mama mkwe, na hilo ndilo aliloliogopa.

Mama mkwe alitoka chumbani, akalikagua hema, akaingia ndani kwa magoti bila kuuliza.

"Mama, nataka kusafiri," mwokaji alisema akiwa nje. "Miezi miwili. Lakini kama hutaki..."

"Kigodoro chenyewe ndicho hiki? Utavunjika mgongo, mwanangu. Chukua blanketi langu."

"Na mikate?"

"Nitaoka mimi."

"Mama, si utaiunguza yote!"

"Basi ukirudi wateja watakuthamini."

Mwokaji alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mumewe alitangulia mapema mno, lakini alimwachia mama. Akaingia hemani, akajilaza ubavuni mwake.

"Ahsante, mama," alimwambia.

"Sogea kidogo," mama mkwe alijibu, "umenibana."