Rais Hana Ndugu

Sikuzaliwa na moyo wa upole. Mama yangu hudai nilianza kugombana na watu kabla sijaota meno, na walionijua Kisangani wakati wa chuo hawatabisha. Kwa hiyo mtu asidhani nilipewa kazi ya kupika kwenye mafunzo ya viongozi wa mutuelle yetu kwa sababu ya utulivu wangu. Nilipewa kwa sababu wasichana tulikuwa wachache, na vijana wetu, waliozungumzia usawa tangu asubuhi mpaka jioni, hawakujua hata kuponda ndizi za lituma.

Mutuelle ilikuwa chama cha wanafunzi waliotoka upande wetu, Maniema. Ukifika mjini na sanduku lako na kuku aliyefungwa miguu, mutuelle ndiyo iliyokupokea. Ilikutafutia kitanda, ilikumwagia maji na kukuimbisha nyimbo za kijinga mbele ya watu ili uache kuwa bleu, yaani mgeni, kisha ilikuuguza ukishikwa na malaria, na ukifa ilikuzika. Tulipanga nyumba moja kwenye komine ya Tshopo, karibu na bwawa la umeme, ingawa umeme wenyewe tuliusikia tu kwa majirani. Hiyo ilikuwa miaka ya uasi. Mji ulikuwa mikononi mwa askari wa kigeni na Wakongomani waliofuatana nao, mto ulikuwa umefungwa, meli za Kinshasa hazikuja, na sabuni iliuzwa vipande vidogo visivyotosha hata kufua shati.

Mdogo wangu alifika nilipokuwa mwaka wa tatu. Alitoka Kindu kwa mtumbwi mpaka Ubundu, na kutoka hapo akatembea kwa miguu akifuata njia ya reli, kwa kuwa treni ilikuwa haitembei. Aliingia uani kwetu amekonda, miguu imevimba, anacheka. Baba yetu alikwisha kufa, na huyu ndiye aliyekuwa mtoto wa mwisho wa mama. Ujumbe aliotumwa kunipa ulikuwa mfupi: mtoto sasa ni wako, umuangalie. Nilimwambia aoge kwanza, mengine tutayaona baadaye. Moyoni niliogopa tangu siku ile, kwa sababu nilimjua. Alikuwa mtu wa kujibu swali kabla hujamaliza kuliuliza.

Kila mwaka komite ilichagua vijana wachache kati ya mableu na kuwafundisha uongozi. Wengine wangecheka, lakini yalikuwa mafunzo ya kweli. Jumamosi asubuhi tuliketi uani, na vijana wakafundishwa kufungua mkutano, kuamua ugomvi wa ndoo ya maji, kwenda kuongea na mwenye nyumba bila kupiga magoti na bila kutukana, na kupeleka habari ya kifo kwa mzazi aliye mbali. Aliyeonekana kufaa kuliko wenzake aliitwa mwanafunzi wa rais. Huyo alitembea nyuma ya rais wa mutuelle kila mahali, na rais akisafiri aliketi kwenye kiti chake. Kiti hakikuruhusiwa kubaki kitupu hata kwa saa moja. Wazee wa mutuelle waliamini kuwa nyumba isiyo na mtu wa kujibu mlangoni ndiyo inayovunjwa kwanza, na kwa miaka ile sidhani walikosea.

Walimchagua mdogo wangu. Nilikasirika, nikasema bado mtoto, hata nyimbo za mableu hajamaliza kuzijua. Rais wetu, kijana mpole aliyekuwa akisomea udaktari, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kuwa kijana mwenyewe amekubali. Nilipomgeukia, mdogo wangu alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

Mwalimu wa somo la mwisho hakuwa mwanafunzi. Alikuwa tonton mmoja, ndivyo tulivyowaita wazee kama wajomba zetu, mtumishi wa serikali mstaafu, mmoja wa walioanzisha mutuelle muda mfupi baada ya uhuru. Tulimheshimu sana, na mimi nilimwogopa kidogo, jambo ambalo halinitokei mara nyingi. Somo lake lilikuwa moja: askari wakiingia, mnafanya nini. Alifundisha kwamba wakiuliza kiongozi ni nani, aliye kwenye kiti anasimama na kusema ni yeye. Wengine wote wananyamaza, hakuna anayetetea, hakuna anayeeleza, kwa kuwa kila anayefungua mdomo anaongeza mtu wa kuchukuliwa. Na aliyesimama hamjui mtu yeyote mle ndani. Akiulizwa juu ya rafiki, hamjui. Akiulizwa juu ya mke, hana. Tonton alilirudia hilo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: rais hana ndugu.

Sikuweza kuvumilia. Nilitoka jikoni na mwiko wangu, nikamwambia tonton mbele ya wote kwamba somo hilo ni la kikatili, na kwamba mtu anayefundishwa kumkana ndugu yake hawezi kuongoza hata mbuzi. Vijana waliinamisha vichwa. Tonton hakunikemea. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema kwa sauti ya chini:

"Mutoto yangu, mi nilikuwaka na ndugu."

Ndipo akatueleza. Katika uasi ule wa kwanza, baada ya uhuru, yeye ndiye aliyekuwa rais wa mutuelle. Askari walipoingia alijitaja, vizuri kabisa. Kisha akawaonyesha kaka yake aliyekuwa pale, akidhani watawahurumia watoto wawili wa mama mmoja na kumwacha angalau mmoja. Waliwachukua wote wawili. Yeye alirudi. Aliposema hivyo alivaa tena miwani yake na kuendelea na somo, na mimi nikarudi jikoni.

Siku ile walifanya zoezi. Tonton alikuwa askari, akaazima mchi wangu uwe bunduki. Mimi nilipewa nafasi ya ndugu anayelia. Mdogo wangu alipaswa kunitazama na kusema hanijui. Mara ya kwanza aliangua kicheko. Mara ya pili nilimfinya mkono kwa hasira, akapiga kelele "yaya!", yaani dada mkubwa, na uani pote wakacheka, hata tonton. Walimrudisha tena na tena. Mwisho alilisema vizuri, uso mkavu, na wenzake wakampigia makofi. Jioni alinifuata jikoni akaniomba radhi, akala ukoko wote wa sufuria, na nilimwambia ni mjinga.

Msimu wa mvua ulipoanza, mambo yakaharibika. Kulikuwa na vifo mjini, na wanafunzi wakagoma kuingia darasani. Wakubwa wa mji walitaka kujua nani anawachochea. Wakati huohuo mwenzetu mmoja akafiwa na baba yake huko Isangi, na rais wetu, kama desturi inavyotaka, akashuka mto kwa mtumbwi kumsindikiza matangani. Mdogo wangu akaketi kwenye kiti.

Waliingia mchana. Nilikuwa nyuma ya nyumba natwanga pondu, majani ya muhogo, nikasikia mlango na viatu, halafu kimya. Kimya kile ndicho kilichonifanya niache mchi. Nilipofika mlangoni pa sebule, askari walikuwa wamesimama katikati, wenzetu wote wameketi wakitazama sakafu, na mkubwa wa askari anauliza kwa Kiswahili kiongozi wa nyumba ni nani. Mdogo wangu alikwisha kusimama.

"Ni mimi," alisema.

Angeweza kusema rais yuko Isangi. Ilikuwa kweli, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini wangemfuata yule wa Isangi, na yeye alijua hivyo. Nilitazama wenzetu, vijana wakubwa, wengine na ndevu, nikingoja mmoja aseme huyu ni mwanafunzi tu. Hakuna aliyesema. Walikuwa wamefundishwa vizuri. Miaka mingi nimejaribu kutowachukia kwa hilo, na siku nyingine naweza.

Niliingia, mikono imejaa kijani cha pondu. Nikamwambia yule mkubwa: "Huyu ni mutoto. Iko bleu, hata miezi sita hana hapa. Ni mudogo yangu."

Askari alimgeukia na kumuuliza kama ni kweli. Mdogo wangu alinitazama. Uso wake ulikuwa mkavu, kama vile zoezini, ila goti moja lilikuwa linatetemeka ndani ya suruali, nililiona.

"Ule mama simujue," alisema. "Anatupikiaka tu."

Mmoja wao alicheka. Mwingine akanisukuma kwa kitako cha bunduki, bila nguvu sana, kama unavyomwondoa mtu njiani, nikaangukia meza. Wakatoka naye. Hakugeuka nyuma, na sikumlaumu, kwa sababu angegeuka wangejua.

Tonton alikuja jioni ile. Mtu alimweleza yote jinsi yalivyokwenda, neno kwa neno. Aliketi chini, kwenye sementi, mzee mwenye suti. Nilitaka kumtukana, maneno nilikuwa nayo tayari, lakini nilipomwona ameketi vile niliyaacha. Rais aliporudi kutoka Isangi alitaka kwenda kujitoa mwenyewe. Wenzake walimshika, wakamwambia kwamba sasa wangewashika wote wawili bila kumwacha hata mmoja. Alilia mbele yetu sote. Baadaye alivuka kwenda upande mwingine wa nchi na sikumwona tena.

Tuliambiwa mdogo wangu yuko Kapalata, kambini. Nilipika lituma, nikaifunga kwenye majani na samaki juu yake, nikapanda toleka. Yule mwendesha baiskeli alikataa kufika karibu na geti, nikamalizia kwa miguu. Getini alikuwepo askari kijana, Mkongomani, mwenye adabu kuliko nilivyotarajia. Aliniuliza mimi ni nani kwa mfungwa. Nikasema ni yaya yake, tumbo moja. Akaingia ndani, akakaa, akarudi.

"Mama, anasema hana yaya," aliniambia. "Anasema hana ndugu Kisangani. Anasema weye ni mama ya kupika, urudie kwako, usikuje tena."

Nilimwomba apeleke chakula basi, hata kama ni cha mpishi. Akatikisa kichwa, waliruhusu chakula cha ndugu tu. Nilisimama pale mvua ikaninyeshea, na nilielewa vizuri alichokuwa akinifanyia. Kuelewa hakukunisaidia. Nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu mwingine, nilitaka kumfinya mkono mpaka aite jina langu. Nilirudi tena wiki ile, na wiki iliyofuata, na kila mara jibu likawa lilelile. Kisha siku moja yule kijana hakuingia hata ndani kuuliza. Alisema hayupo tena hapo, akatazama pembeni. Hayo ndiyo yote niliyowahi kuambiwa.

Njia ilipofunguka nilikwenda Kindu. Mama alikuwa amekwisha kusikia kwa watu, lakini alinifanya nieleze tangu mwanzo. Nilimweleza yote, pamoja na lile neno la kunikana. Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akaniuliza kama mtoto alikuwa ameongezeka urefu tangu alipoondoka. Nikasema ndiyo, kidogo. Akaniambia nimwonyeshe mpaka wapi, nikasimama nikamwonyesha kwa mkono juu ya kichwa changu.

Mutuelle bado ipo. Mwaka jana vijana wake walinialika kwenye mafunzo ya viongozi, kama mama wa zamani aliyepitia hapo. Sikutaka kwenda, halafu nikaenda. Wana ukumbi sasa, na viti vya plastiki, na wasichana ni wengi, na chakula kililetwa na mgahawa. Kijana mmoja mwenye shati zuri alifundisha somo la ujasiri. Alisimulia kwamba zamani, wakati wa vita, kulikuwa na kiongozi aliyeokoa nyumba nzima kwa neno moja. Alisimulia vizuri, kiti, askari, yote. Kisha akasema kiongozi huyo alikuwa peke yake hapa mjini, hana ndugu hata mmoja, ndiyo maana hakuogopa.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga, na sauti yangu ilitoka kali, kama kawaida yangu. Nikawaambia aliogopa. Nikawaambia goti lake lilitetemeka. Nikawaambia mimi ndiye yule mama wa kupika, na kwamba tulinyonya ziwa moja.

Msichana wa mstari wa mbele akauliza, kwa sauti ndogo, alikuwa na miaka mingapi. Nikamjibu kumi na tisa. Wakatazamana. Yule kijana mwenye shati zuri alikuja mpaka nilipokuwa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pardon, mama. Hatukujua. Sasa tuseme namna gani?"

Ilibidi nikae kwanza. Mtu akaniletea maji, nikanywa. Wote walikuwa wananingoja, na kijana hakuwa ameuachia mkono wangu.

"Museme alikuwa na yaya," nilimwambia, "na alimujua."