Fulana Kumi za Mzee Masanja

Nichekeni tu, ila subirini nimalize, maana hata mimi nikifika katikati ya mkasa huu huwa nashindwa kuendelea. Mpaka leo nikipita soko la Bariadi natembea upande wa pili wa barabara, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi.

Nafundisha kupiga picha na kuchapa katika kituo kidogo cha sanaa hapa mjini (mimi ni mtu wa kuja, nimetokea Morogoro), na katika wanafunzi wangu aliyewaacha wenzake mbali alikuwa Kabula, mama wa watoto wawili aliyerudi kwa baba yake baada ya ndoa kuvunjika, na ambaye ilinichukua miezi mitatu kumwombea ruhusa kwa huyo baba, Mzee Masanja, mfugaji asiyeamini kamera hata kidogo. Mwishowe akaruhusu. Tena akakubali bintiye ampige picha moja, moja tu, amesimama mbele ya zizi. Jamani, ile picha! Ule uso ulikuwa unaongea. Nikajua Kabula akipata watu wa kumwona, ataishi kwa kazi ya mikono yake.

Basi, maonyesho ya kazi za wanafunzi yalikuwa Jumamosi pale kituoni, na Ijumaa nikakuta paa limevujia karatasi zetu za kuchapia. Nikasema si tabu, kabatini kuna fulana nyeupe kumi, tuchape uso wa Mzee kwenye fulana. Wino wa rangi ulikuwa umekauka koponi, ukabaki mweusi tu, nikajipongeza kwamba ndiyo kisasa chenyewe. Kabula alinitazama, akasema taratibu, "Mwalimu, watu watazielewa kweli hizi?" Nikamjibu kwamba sanaa haiombi kueleweka. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.)

Asubuhi, Kabula akiwa ameenda kumleta baba yake, nikawavalisha wenzake tisa, ya kumi nikaivaa mwenyewe, nikawapanga mistari miwili tukaenda sokoni kuwaita watu, nami nasisitiza watembee polepole, wasicheke, ili uso uonekane vizuri. Bodaboda wakazima pikipiki. Wazee wakavua kofia. Mama mmoja muuza mchicha akaweka mikono kichwani. Mimi navimba tu, kumbe watu wa huku wanajua kuheshimu sanaa, wakati mimi mwenyewe nilivaa fulana ya namna ile ile, nyeupe yenye uso kifuani, siku tulipomzika shangazi yangu! Ilikuwa imenitoka kabisa.

Habari zikatutangulia kwa simu. Saa nane mchana Mzee Masanja ameketi kiti cha mbele pale kituoni, anakunywa soda, anaitazama picha yake ukutani, ile moja tuliyokuwa tumeichapa kabla paa halijavuja, na naapa alikuwa anatabasamu, ndipo ikaingia Noah imejaa ndugu kutoka Mwanhuzi. Dada yake mkubwa akashuka analia, anamwita mama yake kwa Kisukuma, "Mayu wane! Masanja, umeniachia nani?" Nyuma yake shemeji mmoja, hata vumbi hajajifuta usoni, anauliza kwa sauti, "Sasa ng'ombe wanabaki na nani?"

Mzee akasimama. Dada yake alipomwona akaanguka chini kama gunia, ikabidi amwagiwe maji.

Mzee hakunifokea, na natamani angenifokea. Nilipiga magoti na ile fulana yangu kifuani, nikasema, "Shikamoo mzee, nisamehe." Akaitikia. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi bado nakula ugali, na tayari nimesikia wanavyonigawana." Akamgeukia bintiye. "Kabula, twende nyumbani."

Jumatatu Kabula alirudisha kamera, ameifunga kwenye khanga. Nikamwambia nitakwenda kumwomba tena mzee, nitatafuta watu wazima wanisindikize, nitarudi hata mara kumi.

"Usije, Mwalimu," akasema. "Baba hajakataa. Ni mimi. Kila nikiishika hii kamera namwona shangazi amelala chini, anamwagiwa maji."

Nikaipokea.

Nimeapa sitachapa tena uso wa mtu aliye hai kwenye fulana, na mwanafunzi akiniuliza kama kitu kitaeleweka, nitaweka wino chini nimsikilize. Lakini kiapo hakimrudishi Kabula. Sasa nafundisha watu tisa, wazuri tu, wanajitahidi, na hakuna hata mmoja anayeona kama alivyokuwa anaona yeye.