Uji wa Kangari

Mwezi wa saba, ukungu wa Nyeri uliingia wodini kabla ya madaktari. Ndiyo maana mwalimu wetu wa altrasaundi alitembea na chupa ya jeli kwapani, ndani ya sweta, kama kuku anayeatamia.

"Ukimpaka mgonjwa jeli baridi," alisema, "tumbo litajikaza, na utaona uongo."

Hakuwa daktari. Alikuwa mpiga picha wa hospitali, mama wa makamo aliyeishi mtaa wa Skuta, na sisi watatu tuliokuwa tukijifunza upasuaji tulimwita Madam. Miaka ile ya tisini mashine ilikuwa moja, nzito, juu ya toroli lenye gurudumu lililolia, na kioo chake hakikuzidi upana wa sahani. Tuliisukuma kitanda hadi kitanda. Hadi leo, toroli likilia popote, sokoni hata kanisani, pua yangu hunusa sufu yenye joto.

Alitufundisha kwa glovu iliyojazwa maji, ikazamishwa ndani ya beseni, na kwa ini la ng'ombe kutoka buchari. "Maji ni meusi kwa kioo. Damu ni nyeusi. Mkojo ni mweusi. Mashine haijui tofauti. Kujua ni kazi yako."

Mimi nilidhani najua. Kwa miezi sita nilikuwa nimeshikilia vyuma vya kupanua kidonda huku wengine wakikata, na mikono yangu ilikuwa na njaa ya kisu.

Asubuhi moja aliletwa mzee kutoka Kangari, mkulima wa majani chai. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye trela la chai na kuumia mbavu za kushoto. Daktari mkuu alikuwa chumba cha upasuaji na mgonjwa mwingine. Aliniachia neno moja: ukiona damu, mlete, na utakata wewe.

Nikaweka kichwa cha mashine, kile cha kushika mkononi, chini ya mbavu zake. Pale pale, kando ya wengu, yaani bandama, kulikuwa na weusi mpana. Moyo wangu uliruka, na naona haya kusema kwamba uliruka kwa furaha.

"Damu," nikasema. "Wengu imepasuka. Mwandaeni."

Madam aliinama juu ya bega langu. "Ati wengu? Hebu ngoja. Damu iliyomwagika hujipenyeza kwa kila pembe. Hii yako mbona imekaa kama imewekwa kwa mfuko?"

"Madam, tukingoja atakufa."

"Na ukimpasua bure?" Akamgeukia mzee. "Guka, umekula nini leo?"

Mzee alitazama dari. "Niliambiwa nisikule kitu."

"Sijauliza uliambiwa nini."

"Sasa, dada zangu walikuja na mimi kutoka Kangari, wamebeba chupa ya uji. Uji wa kuchacha. Watu watoke mbali hivyo, halafu nikatae? Nitawaangalia na macho gani?"

"Umekunywa vikombe ngapi?"

"Mbili." Akafikiri. "Na hiyo ingine."

Wenzangu wawili waliuma midomo. Madam hakucheka. Alinishika mkono, akauinamisha kidogo, na kwenye kioo ukuta ukajitokeza, mwembamba, ukiuzunguka ule weusi pande zote. Ndani yake chembe zilielea na kuzunguka polepole.

"Hiyo ni tumbo la chakula, daktari wangu. Lakini usiniamini mimi. Kaa hapa. Pima mapigo yake, na kila robo saa uangalie tena. Damu itaongezeka. Uji utapungua."

Nikakaa. Sijawahi kungoja hivyo. Nilishika kifundo cha mkono wa mzee, naye akanieleza habari za mvua na za ng'ombe wake, mapigo yake yametulia kuliko yangu. Sehemu yangu moja, na siifichi, bado iliombea damu. Kufikia saa sita ule weusi ulikuwa umebaki ukanda mwembamba. Kando ya wengu, na kwenye kila pembe niliyofundishwa kutazama, hakukuwa na kitu. Mzee alikuwa amevunjika mbavu mbili tu.

Wiki mbili baadaye alirudi kuangaliwa. Dada zake walikuja naye, na mmoja akafungua chupa, akanimiminia kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

"Kunywa, daktari. Tumesikia ulitaka kuutafuta na kisu."

Wodi nzima ilicheka. Ningekataa vipi? Nikanywa cha kwanza, kikaja cha pili. Uji ulikuwa mchachu, wa baridi, na mtamu ajabu.

Nilipofuta midomo, nikasikia gurudumu likilia. Madam alikuwa analeta toroli, na nyuma yake wanafunzi wawili wapya.

"Panda kitandani," akaniambia, akitoa jeli kwapani. "Toa shati. Hawa wanataka kuona wengu iliyopasuka."