Birika Lililompeleka Babu Kizuizini

Babu yangu alipelekwa kizuizini siku tatu baada ya kulipulizia pumzi birika la chai.

Hakuiba. Hakupigana na mtu. Alipuliza tu, haa, kama mtu anayesafisha miwani.

Kosa ni birika: ndivyo alivyoamini yeye mwenyewe kwa miaka minne. Alipokuja kuujua ukweli, alitamani ingekuwa ni birika.

Alinisimulia yote haya mara moja tu, mwaka wa tisini na moja, nikiwa fomu two. Hakurudia tena. Nayaweka hapa vile aliyaweka.

Jina lake Salesio Riungu, mzaliwa wa Kaaga. Alisomea misheni, akajua kusoma na kuandika, akateremka Embu kutafuta kazi. Akaipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Watu walimwita Bwana Mbao.

Mke wa huyo mzungu, Memsabu, alikuwa na ugonjwa mmoja. Vyombo vya zamani vya fedha.

Vijiko vyenye sanamu ndogo kichwani, vinara vya mishumaa, koleo za sukari, masinia, hata kikombe cha kuwekea yai moja. Emajensi ilipoanza, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau, walowezi waoga wakaanza kuuza mali zao warudi kwao, na Memsabu ndiye alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Chumba cha kulia kilijaa mpaka kabati la tatu likaletwa.

Kazi ya Salesio ilikuwa kuving'arisha. Chaki nyeupe, maji kidogo, kitambaa laini. Kila siku ya Mungu.

Ukishika kitu miaka sita utakijua tu. Alizijua zile alama ndogo zinazogongwa chini ya chombo: simba anayetembea, kichwa cha chui, herufi ya mwaka. Memsabu alikuwa na kitabu cha alama hizo, na mwanzoni alimfundisha kwa mzaha. Baadaye mzaha ukaisha. Akawa hanunui kitu kabla Salesio hajakigeuza, akakipima mkononi na kukinusa.

"Hii imepakwa juu tu, Memsabu."

Basi, chombo kinarudi kwa mwenyewe.

Ndani ya kile chumba, babu alijiona mtu. Nje ya mlango alikuwa boi kama maboi wengine, na kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni.

Jikoni alikuwepo Gichovi, Mwembu wa Runyenjes, mpishi. Walikuwa marafiki wa kweli. Vyumba vyao vya nyuma vilipakana ukuta, watoto wao wakila kwenye sufuria moja. Karwirwa, mke wa Salesio, alikuwa na watoto wawili na mimba ya tatu. Gichovi alikuwa na wanne.

Halafu ikafika Novemba, hamsini na nne.

Huko Embu watu walikuwa wakichujwa kila siku. Unasimamishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia, akitikisa kichwa umekwenda kizuizini. Nyumba za wazungu wengine zilikuwa zimeshatoa watu. Kwa Bwana Mbao hakuwa ametoka hata mmoja, na wenzake wakaanza kumsema kwamba anafuga Mau Mau jikoni.

Siku moja baada ya chakula cha mchana akamwita Salesio, akamwambia afunge mlango.

"Sitaki maneno mengi," akasema. "Mmoja wenu wawili amekula kiapo. Nitajie ni nani, na wewe hutaguswa."

Salesio hakuwa amekula kiapo. Gichovi naye, kwa alivyomjua, hakuwa amekula. Angeweza kusema hivyo akaishia hapo.

Akafikiria ile mimba.

"Gichovi huenda kwao kila Jumapili, Bwana. Sijui huwa anaonana na nani."

Alijua vizuri sana. Gichovi alikuwa akimpelekea mama yake uji. Mama alikuwa kipofu na hakuwa na mtu mwingine.

Hayo maneno hayakufika sentensi tatu. Babu aliniambia kwamba alitoka pale akarudi kwenye vijiko vyake, na mikono ilikuwa imetulia kabisa. Hicho ndicho kilichomtisha baadaye.

Siku zikaenda. Kila gari likisimama nje, Salesio alijua limekuja kumchukua Gichovi. Chakula cha Gichovi kikamshinda kumeza. Gichovi naye alikuwa kimya, akisema amechoka. Salesio akashukuru kwamba haulizwi.

Jumamosi akaja mnunuzi kutoka Nairobi.

Alikuwa amekuja kwa birika moja tu, lile kubwa, ambalo Memsabu alisema lina zaidi ya miaka mia mbili. Memsabu alilinunua bila kumwonyesha Salesio kwanza, na tangu siku hiyo alikuwa akiling'arisha mwenyewe. Mnunuzi aliligeuzageuza. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesikia habari za boi anayejua fedha, akamwuliza Salesio analionaje.

Salesio akalishika. Uzito ulikuwa sawa. Alama zilikuwa sawa, simba na chui wote wapo. Akalipulizia pumzi chini.

Ukungu ulipokaa, mstari mwembamba ukajitokeza, umezizunguka zile alama. Mtu alikuwa amekikata kipande chenye alama za kweli kwenye chombo kidogo, akakilehemu chini ya birika jipya.

Angeweza kujikausha. Lakini aliulizwa kitu anachokijua, na pale chumbani hakuwa amezoea kudanganya.

"Birika ni la juzi, Bwana. Alama ndizo za zamani."

Mnunuzi akacheka, akavaa kofia yake, akaenda. Memsabu aligeuka. Alienda dirishani akasimama huko akimpa Salesio mgongo.

Jumanne asubuhi landrova ikaja na homugadi wanne, wale askari weusi wa serikali. Salesio alikuwa na kitambaa mkononi. Alipoona wanampita Gichovi mlangoni na kumjia yeye, akatazama upande wa chumba cha kulia akajiambia, ni birika.

Miaka minne ya kuponda mawe. Kambi hii, kambi ile. Miguu ilivimba, meno mawili yakabaki huko. Wakati wote huo alikuwa na mawazo mawili tu. La kwanza, kwamba Memsabu alimfunga kwa sababu ya kusema kweli. La pili alilificha hata kwa waliolala naye mkeka mmoja: kwamba yeye ndiye alitaka mwenzake awe pale.

Alirudi hamsini na nane.

Karwirwa alikuwa amehamishiwa kwenye kijiji cha lazima cha serikali, kilichozungushiwa handaki na miiba, watu wamepangwa kama mahindi. Alimkuta amekonda, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati. Watoto walikuwa wawili. Wa tatu, msichana, aliitwa Makandi. Alizaliwa Machi, akaishi miezi minane, surua ikamchukua.

Akauliza waliishi vipi.

Karwirwa akamwambia ni Gichovi. Kila wiki alipita pale langoni na mkate, mafuta, nyama iliyobaki mezani kwa wazungu, akihatarisha kazi yake. Makandi alipokufa, homugadi walitaka azikwe kwa gunia. Gichovi akaokota vipande vya mbao kiwandani, akatengeneza jeneza, akachimba kaburi mwenyewe.

Babu aliniambia kwamba ameshapigwa kiboko cha kila aina, na hakuna kilichomwuma kama habari hiyo.

Akaamua ataenda kwa Gichovi akatubu. Kabla hajaenda, Memsabu akamtumia ujumbe.

Walikuwa wanarudi Uingereza. Mali yote ilikuwa imetandazwa chini, magazeti na masanduku kila mahali, na hakumwamini mtu mwingine kufunga fedha yake. Salesio hakujua kwa nini alikubali. Nadhani alitaka kumsikia akisema lile neno, birika.

Alifunga siku nzima, kipande kimoja kimoja. Jioni Memsabu akamletea chai, akaketi.

Ndipo babu akamwambia kwamba alichosema kuhusu lile birika kilikuwa kweli, na kwamba miaka minne ilikuwa mingi.

Memsabu alimtazama kama mtu asiyeelewa.

"Ulidhani ni birika?" akasema. "Mume wangu alikuwa ameletewa majina mawili, Salesio. Wewe ulimtaja Gichovi, Gichovi akakutaja wewe, siku hiyo hiyo. Akaniuliza nyumba inaweza kukosa nani." Akakoroga chai yake. "Krismasi ilikuwa karibu. Nilikuwa na wageni kumi na wanne. Nilihitaji mpishi."

Hakuwa na hasira wala aibu. Alisema vile mtu anavyokueleza kwa nini alibadilisha mapazia.

Salesio alimalizia sanduku lililobaki. Alilipigilia misumari vizuri, kisha akaenda nyuma kwa Gichovi.

Gichovi alikuwa akimenya viazi. Alipoona uso wa Salesio aliweka kisu chini.

"Amekuambia," akasema.

"Ulijua kwamba nilikutaja?"

"Bwana aliniambia siku ile ile. Alinicheka nayo. Lakini mimi nilikuwa nimeshakutaja kabla ya kusikia, Salesio, sitakudanganya. Alisema ni mmoja wetu. Mimi nilikuwa na wanne, wewe ulikuwa na wawili."

"Na mimba."

"Na mimba," Gichovi akasema, akainamisha kichwa.

Salesio akamwuliza chakula kilikuwa cha nini basi. Gichovi akasema kila alipomwona Karwirwa amepanga foleni ya maji, aliona pale ni mahali pa mke wake mwenyewe. Kuhusu Makandi akasema tu kwamba alikuwa ameanza kumnyooshea mikono akimwona anakuja langoni.

Ungedhani wangekumbatiana. Wote wamekosa, wote walie, makosa yatoshane.

Haikuwa hivyo. Salesio aliondoka bila kuaga. Walipofunguliwa kutoka kijijini akaichukua familia yake mpaka Kianjai, mbali, akafungua shamba, na hakukanyaga Embu tena. Gichovi alituma watu mara mbili. Babu aliwapa chai, hakuwapa jibu.

Gichovi alipokufa, nyanya yangu Karwirwa alifunga kitambaa akaenda peke yake kumzika. Babu alibaki akipasua kuni kutwa, kuni ambazo hatukuzihitaji.

Nilimwuliza kwa nini hakumsamehe, na yeye alikuwa amefanya yale yale.

"Aliyeniuza nilimjua," akasema. "Niliyemuuza nilimjua. Tulikuwa tunakutana kila siku. Yule aliyetuuliza ndiye alipanda meli na vijiko vya mkewe, na mimi ndiye nilimfungia masanduku. Hasira ikabaki na aliye karibu."

Mimi nimebaki na hili moja, nawapa nanyi. Siku ukiitwa pembeni, mlango ufungwe, uambiwe utaje mwenzako ili upone, jua naye ataitwa au ameshatoka humo humo. Nyamaza. Pengine utaumia, lakini utakuwa na rafiki wa kukuzika.