Vidonge Tulivyochanganya

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi cherehani pale sokoni Kibuye, na kibofu changu kilikuwa kimekataa kunitii. Si ugonjwa wa kufa, ni ugonjwa wa kuaibika. Unaacha suruali ya mteja chini ya sindano unakimbia, unarudi, na kabla hujakanyaga pedali umeshikwa tena. Wateja walinitania ati nimeoa choo cha soko.

Hayo ningeyavumilia. Lililonikera ni habari ya mama mkwe. Kwetu mwanamume akienda kwa wakwe hukaa pale alipokalishwa, na kuonekana na mama mkwe ukielekea chooni ni aibu watakayosimuliwa mpaka wajukuu. Basi nikaacha kwenda kwao Port Victoria. Mke wangu alijua sababu, lakini nilimkataza kabisa kuitaja huko. Kisha mama mkwe akaanza kuugua, na kila mgeni akawa anamuuliza, mkweo ulimkosea nini hata haji? Hilo liliniuma sana. Nilitaka anione nimekaa nyumbani mwake kabla hajafa, basi.

Ndipo daktari wa kliniki moja mjini akatuita wanaume wenye shida hiyo tujaribu dawa. Alieleza kwa upole, nami nikatoka sielewi. Wengine wangepata dawa, wengine vidonge vitupu visivyo na kitu ndani, vyote vinafanana, na hata yeye mwenyewe hajui nani kapewa vidonge vipi. Sasa daktari asiyejua anachokupa ni daktari wa aina gani? Jirani yangu wa benchi, mwashi mmoja, alikasirika kuliko mimi. Akasema tumekaa benchi moja, haiwezekani mmoja atibiwe na mwingine adanganywe. Tulipofika nje tukamimina vidonge vya makopo yetu pamoja, tukatikisa, tukagawana sawasawa. Tuliona tumetenda haki.

Wiki zikapita. Siku nyingine mdomo ulinikauka, kama daktari alivyosema dawa ingefanya, na kibofu kikatulia hadi adhuhuri. Siku nyingine nilikimbia kama zamani. Siku nyingine mdomo mkavu na mbio zile zile! Nilipopata nafuu sikujua nifurahi au ningoje kwanza.

Majaribio yalipokwisha daktari akatufungulia siri: dawa alipewa mwashi, mimi nilipewa vile vitupu. Akashangaa mbona nina nafuu. Mwashi akatazama dari, nami nikatazama viatu vyangu. Mfukoni nilikuwa nimebakiza vidonge vichache vya safari, na sikujua ni vyake au ni vyangu.

Asubuhi ya kwenda Port Victoria nilimeza kimoja hivyo hivyo. Nilikalishwa kwenye kiti kinachomwelekea mama. Alikuwa amekonda hata nikaona haya kumtazama. Samaki akaja, chai ikaja, nikanywa kidogo tu. Mdomo ulikuwa mkavu, lakini ni dawa au ni woga? Kibofu kilisukuma, kikaacha, kikasukuma tena. Nikabana magoti na kujibu habari za watoto. Nilifurahi kwamba nimekaa, na wakati huo huo nilitamani siku iishe.

Tulipobaki watatu, mama, mke wangu na mimi, mama akaweka kikombe chini.

"Baba," akasema polepole, "kile choo nyuma ya ghala nilikuchimbishia wewe. Mlango wake unaangalia shamba, mimi siwezi kukuona. Ni miaka sasa. Mbona hukuja?"

Mke wangu aliinamisha kichwa. Kumbe alikuwa amemwambia mama zamani, na mimi huku nikimkwepa mtu anayejua. Sikujua nimkasirikie nani.

Niliinuka mbele yao wote wawili, nikazunguka ghala, nikavuta mlango. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu. Saruji ya sakafu ilikuwa safi, hakuna mguu uliowahi kuikanyaga. Nilisimama mle ndani muda mrefu. Mkojo haukuja hata tone, nikawa nalia tu.