Mizunguko Elfu Moja Mia Tisa

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi redio Nyalenda, na redio yangu mwenyewe ndiyo iliyokuwa mbovu. Transfoma yake ilikuwa imeungua. Nilinunua nyingine kuukuu kwa wauza vyuma, nikaifungua nichukue waya wake wa shaba, mwembamba kama unywele, niuzungushe kwenye ile yangu. Mizunguko elfu moja mia tisa, nikihesabu kwa mdomo. Ikipungua sana, transfoma inachemka na kuungua tena. Mita ya kupimia sikuwa nayo.

Nilikuwa mia nane na kitu mama mkwe alipofika mlangoni. "Oyawore!" akaniamkia. Kwetu Wajaluo mama mkwe hajibiwi kwa kutikisa kichwa. Unaacha ulichoshika, unasimama, unaulizia watu, ng'ombe, mvua. Niliporudi kitini hesabu ilikuwa imetoroka. Nikaanzia mia tisa, nikijidanganya.

Alikuwa ametoka kijijini kwao, Luanda Kotieno, kuja kusikiliza matangazo ya vifo. Kitinda mimba wao alikuwa amelazwa Nairobi, barua zimekatika, na betri za redio ya kwao zimekwisha.

"Baba, leo itaongea?"

"Itaongea, Mama." Roho yangu ilikuwa mkononi.

Saa saba mchana iliongea kweli. Nikaweka kiganja juu ya transfoma. Joto! Msomaji akasoma taratibu, utadhani ana siku nzima. Kiganja kikawaka. Nilipaswa kuzima, lakini ningethubutuje? Akatangaza kifo kilichotokea Nairobi, cha mwenyeji wa Luanda Kotieno, Bwana... Harufu ya vanishi, moshi, kimya.

"Bwana nani?" mama mkwe akauliza.

Niliona haya hata kumtazama.

Matangazo yangerudiwa jioni. Nikang'oa waya ulioungua, nikaanza upya na uliobaki wa ile kuukuu. Mama mkwe akavuta kigoda, akakaa mlangoni akinipa mgongo. Kila mpita njia aliyesalimu, yeye ndiye aliyemjibu: "Oimore ahinya. Usimsemeshe, anahesabu."

Nilikuwa elfu moja mia saba mtu mmoja aliposalimu asiondoke. Wakanong'ona. Mama mkwe akainuka polepole. Nami nikaendelea: mia saba na moja, mia saba na mbili. Alijizuia mpaka akafika barabarani, mbali na mlango wangu, ndipo akapiga nduru. Hakutaka nipotewe na hesabu.