Mlingoti wa Antena

Leo nimeng'oa mlingoti wa antena nyuma ya nyumba ya baba, na harufu ya kutu imenibaki viganjani.

Nilipokuwa mtoto, Jumapili tukitoka misa Mukumu, baba alikuwa akiwasha televisheni ya betri na kutafuta mashindano ya magari ya kuzunguka uwanjani. Picha ilitulia tu nikiwa nje nimeushika mlingoti, hata mvua inyeshe.

"Baba, imeshika?"

"Imeshika! Usiachilie, mama! Siku moja nitashika mimi, wewe uangalie."

Nilisikia injini zikinguruma na majirani wakishangilia ndani. Gari sikuliona hata moja.

Sasa nina stashahada ya umeme. Nimefanya kazi ng'ambo, nikarudi, na intaneti nimeivuta hadi hapa Shinyalu bila kumwomba mtu. Skrini kubwa kama yangu haipo kijijini. Nimemketisha baba mbele yake tutazame mashindano mubashara, ingawa macho yake yalishazima.

Kabla sijaiwasha, nimeuliza kwa mazoea, "Baba, imeshika?"

"Imeshika vizuri sana, mama. Njoo ukae, uangalie."

Nimekaa, rimoti mkononi.